Mbegu za Kaswera

Habari za Kaswera zilizomfikia binti yake zilikuwa za kujaza kiganja kimoja tu. Alizaliwa milimani Lubero, akaolewa na Jacob, muuza viazi, wakakaa Beni upande wa Beu. Vita vilipowakaribia walikimbilia Butembo, kwa mama mkwe wake huko Mususa. Miezi miwili baadaye Kaswera alirudi Beni peke yake kufuata mbegu za maharage. Akiwa njiani kurudi, gari alilopanda lilipigwa risasi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Binti yake Émérance, minne.

Kufuata maharage. Soko la Butembo lilijaa maharage wakati ule kama linavyojaa leo. Mtu anamwachaje mtoto kwa ajili ya kitu kinachouzwa kwa kikombe kando ya barabara? Kila mwaka Émérance alimwuliza bibi yake, Koko Florentine, mama yake Jacob, na kila mwaka Koko alikumbuka ghafla kwamba ana chungu motoni.

Alipofika miaka kumi na mitano, Koko alimkatia kipande cha shamba. Kwa desturi yao, msichana hupewa mbegu zake za kwanza na mama yake, na mbegu hizo si za rangi moja. Kila mwanamke ana mchanganyiko wake, aliourithi na kuuongezea, hata majirani huutambua ukimwagwa kwenye ungo. Mchanganyiko wa Kaswera haukuwepo nyumbani. Basi baba yake alipokwenda Beni kupeleka viazi, Émérance alimng'ang'ania mpaka akamfikisha Beu, kwa jirani yao wa zamani, Mama Agar.

Mama Agar alimtazama anavyotembea, akasema hatua hizo anazijua, akaleta ungo. Kaswera, alisimulia, aliimba kwaya kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na hakupita shamba la mtu bila kuuliza hiki nacho kinaitwaje. Maharage yake aliyapa majina ya watu. Ya manjano yaliitwa Jacob: sura nzuri, lakini hayakawii kutobolewa na wadudu.

"Na hii?" Émérance aliinua punje nene, nyekundu.

Mama Agar akacheka. "Hiyo njo Mama Mukwe. Sababu inakawia sana kuiva ku moto. Lakini mvua ikizidi, zingine zote zinaoza, yeye anabakia."

Kila msimu Kaswera alimpa Mama Agar kikombe kimoja, kwa sababu mbegu haiachwi ikae nyumba moja. Ndiyo maana siku ile alijua pa kurudi. Za kwake zilikuwa zimekwisha. Zimekwishaje, Mama Agar hakuambiwa. Kaswera alisema tu kwamba binti yake atakua, na siku hiyo atapanda nini?

Émérance alirudi Mususa na mfuko mzima, akaumwaga kwenye ungo mbele ya Koko Florentine. Koko alipitisha vidole katikati ya punje kwa muda mrefu. Safari hii hakukumbuka chungu.

"Miye njo nilipika ile mbegu," alisema. "Mama yako alienda kutafuta kibarua. We ulikuwa unalia njala. Mufuko ulikuwa chini ya kitanda. Alirudi, akakuta sufuria. Hakunigombeza. Alikaa chini, akakulisha. Kesho yake akaenda."

Miaka kumi na mmoja Émérance alilibeba swali lile. Hakuwahi kufikiri kwamba jibu lake alikuwa amelila mwenyewe.

Koko aliokota ile punje nene, nyekundu. "Na hii, alikuwa anaiita nani?"

Émérance alisita, kisha akasema ukweli, pamoja na habari ya moto. Koko aliitia punje katikati ya meno yake machache, akaing'ata.

"Kweli iko nguvu," alisema, akairudisha upande wa zile za kupanda.

Ndipo Émérance akamwambia na habari ya mvua.