Ua la Ndoo Halilali na Mtoto

Maneno yalianzia bombani, wanawake wakisubiri maji: mtoto mmoja wa mtaa wa Musaga ametafuna jani la ua, ulimi umevimba, sauti imekatika. Kesho yake wakasema amekufa. Baadaye wakawa watoto wawili. Kila aliyesimulia aliongeza chake, lakini neno moja halikubadilika: ua lilinunuliwa mtaa wa Mutanga Sud, kwa yule mama wa ndoo.

Mimi nina watoto, na ua kama hilo lilikuwa kwangu karibu na mlango. Nililipandisha juu ya kabati. Nikalitoa nje. Usingizi haukuja hata hivyo. Nikaona afadhali niende nimwone huyo mama kwa macho yangu.

Asubuhi jua halijawa kali, mama huyo, jina lake Sijaona, anainama juu ya ndoo zake kando ya barabara. Zipo ndoo za rangi, vidumu vya mafuta vilivyokatwa katikati, makopo makubwa ya nyanya, hata beseni lililopasuka. Anatia kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia. Kidole kikitoka na unyevu, anapita. Maji ameyabeba mwenyewe kutoka mbali, hayamwagi ovyo.

Ana miaka hamsini na miwili na mgongo haumpi nafuu.

"Mi nachokaka hata mbele ya kuanza kazi," anasema.

Mawazo, kijana anayeuza vocha za simu pembeni, anamchokoza, akimwita kwa jina la mwanawe: "Mama Karimu, leo umeuzisha sumu ngapi?"

"Nimekuwekea moja. Uje na kijiko."

Mawazo anacheka. Sijaona hacheki.

Zamani alipanda ardhini, ukingoni mwa mto Ntahangwa. Mvua za mwaka mmoja zilikata ukingo, na mawaridi yake yote yakashuka mtoni usiku mmoja. Yaliyopona ni yale machache aliyokuwa ameyaotesha kwenye ndoo mbovu mlangoni, kwa sababu aliweza kuyabeba.

Tangu hapo hajarudi ardhini. Mwenye nyumba alipomtaka ahame, bustani ilihama naye juu ya mkokoteni. Kiangazi kikikaza, anavuta ndoo kivulini. Mmea ukiugua, anautenga peke yake mingine isiambukizwe. Aliyepanga chumba kimoja, asiye na hata hatua ya ardhi, naye anaweza kuwa na ua.

"Ua la mu udongo linangojaka shida palepale," anasema. "La ndoo unalibeba, munakimbia wote."

Wiki nzuri ilimpa faranga elfu sitini. Lililouzika kuliko yote ni lile la majani mapana yenye madoa meupe, maana linavumilia giza la ndani. Tangu maneno yaenee, watu wanalirudisha na kudai pesa zao. Wengine wanapita upande wa pili wa barabara.

Lakini si hilo lililokuwa linamkondesha. Alimkumbuka mnunuzi wa Musaga, mama kijana anayeitwa Orlane, aliyemuuliza kama ua lile litaishi kwenye chumba kisicho na dirisha.

"Nikamujibu ndiyo. Sikumuuliza kama iko na mutoto mudogo."

"Umeenda kumwona?" nilimuuliza.

"Apana. Naogopa kukuta matanga."

Wiki tatu alikuwa hivyo, hajui kama mtoto yupo au hayupo. Nikamwambia, twende wote. Akafunga kilo ya sukari kwenye kitenge. Mafuta ya magari yamekuwa ya shida, basi tukaenda kwa miguu. Njia nzima Sijaona alisoma dua kwa sauti ya chini.

Tulipofika uani alisimama. Alikuwa anatafuta viti vya wafiwa kwa macho. Hapakuwa na viti. Palikuwa na nguo kwenye kamba, na mtoto wa kiume aliyevaa shati refu bila suruali. Alitutazama, akageuka mlangoni akaita:

"Mama! Watu!"

Sauti ilikuwa nzima. Sijaona alikaa chini pale pale, kwenye vumbi.

Orlane alitoka na mikono yenye unga. Alimtambua, akajipangusa mikono.

"Mama Karimu. Ulinambia ua halisumbuake."

"Nilisema hivyo."

"Audace wangu alilia bila sauti. Unajua vile mutoto analiaka bila sauti?"

Sijaona alitikisa kichwa. Akasema kwa Kirundi, "Ihangane," yaani vumilia, pole, na akaweka sukari kizingitini.

Polepole Orlane akaeleza. Uani wezi hawaachi kitu, hata kamba ya nguo huondoka. Kwa hiyo kila magharibi aliingiza ua ndani, na nafasi ilikuwa moja tu: nyuma ya mkeka wa mtoto. Asubuhi hiyo alitoka kuwasha makaa. Aliporudi, alimkuta Audace anatoka udenda na midomo imevimba. Jirani alileta mafuta ya mawese ili atapike. Orlane alikataa, akampangusa mdomo kwa kitambaa, akampa maji baridi, akambeba mpaka kituo cha afya. Siku mbili hakula. Ya tatu alikunywa uji.

"Ua lako lile pale, nyuma ya choo," alimaliza. "Libebe, hata ndoo yake."

Sijaona alilibeba kichwani mpaka nyumbani.

Sasa Sijaona anataka ayauze yale ya madoa kwenye maofisi tu, na amwulize kila mteja kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa. Mawazo anasema amekuwa kama askari wa mpakani. Wateja wengine wanaudhika na kuondoka. Anaomba Mungu apate kiwanja chenye ukuta na bomba, ili mgongo upumzike.

"Niuzishe kidogo," anasema, "lakini nilale."

Wenzangu wenye watoto, haya tuyaepuke:

Usinunue ua bila kuuliza kama lina sumu.

Usiweke chini ua la madoa, wala lorie, kile kichaka cha majani membamba na maua ya pinki, wala mti wowote unaotoa utomvu mweupe.

Usipande kwenye kopo lililokuwa na dawa ya wadudu, hata ukiliosha.

Usiache maji yatuame kwenye sahani chini ya ndoo. Mbu watazaliana hapo.

Mtoto akitafuna jani usimtapishe. Mpanguse mdomo, mpe maji, mpeleke kwa madaktari, na jani ulibebe walione.

Usipeleke maneno ya bombani mbele kabla hujafika kwa mwenyewe.

Na jioni usiingize ndoo ya ua pale anapolala mtoto. Mwizi akilichukua, amechukua ua tu.