Magadi ya Fundi wa Nguo

Fundi wa nguo, jirani yangu hapa Makutano, hatulii, na kumtazama tu kunanichosha. Akimaliza mshono mmoja anasimama, anachungulia barabarani, anarudi, anainua mguu juu ya furushi la vitambaa kama alivyoambiwa kliniki, kisha anaushusha kabla haujapumzika. Asubuhi macho yake huwa yamevimba. Ikifika jioni uvimbe umeshuka miguuni na ndala zinambana. Hapo huubonyeza muundi kwa kidole gumba, akangoja shimo lijae. Halijai upesi. "Ni figo," huwaambia wateja akiwapima mabega. "Zimeshindwa kutoa maji na chumvi." Dawa ya kukojoa anameza, kwa hivyo kila saa anaiacha cherehani na nguo ya mtu ndani yake, mbio chooni. Maji anayanywa kwa kikombe kidogo. Chumvi alishaitupa.

Jana nilimkuta nyuma ya duka akichemsha githeri, mahindi na maharagwe, kwenye jiko la makaa. Alichota magadi kwa vidole.

"Mama, hiyo nayo si inajaza maji mwilini kama chumvi tu?"

"Hii? Hii ni ya kulainisha maharagwe."

"Daktari ulimwambia unaitumia?"

"Aliniuliza chumvi. Magadi hakuuliza."

Kisha akaitazama miguu yake, kwa muda.

"Sasa maharagwe itaiva aje?"

Vidole vilikuwa bado juu ya sufuria, vimeshika magadi. Tangu nimjue, sijawahi kuiona mikono ile imetulia hivyo.