Anapumulia Wapi?

Kuna asubuhi moja ya soko kule senta ya Ziwa ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu. Ilikuwa mwezi wa saba, na unajua baridi ya huku kwetu ikichanganyika na mvua. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa. Shule nilishaacha, lakini maswali sikuacha. Nilikuwa nauliza mpaka watu wananikimbia.

Tulikuwa tumekaa na kogo, yaani nyanya yangu, tukiuza mursik, yale maziwa ya kibuyu. Yake yalikuwa mazito, harufu yake watu walikuwa wanaifuata kutoka mbali, lakini wacha nisipotee. Akafika Chebet, mke wa jirani, na mtoto wake wa kwanza, mchanga kabisa. Alikuwa amemfunga kifuani na leso, juu ya leso shali, juu ya shali sweta ya bwana yake imefungwa vifungo mpaka shingoni. Mtoto haonekani hata nywele.

"Huyu wako ametulia," wanawake wakamsifu. "Wangu angekuwa amefukuza soko nzima."

Mimi na mdomo wangu nikauliza, "Lakini anapumulia wapi?"

"Kwa masikio!" mmoja akanijibu, wakacheka. Kogo hakucheka. Akaweka kibuyu chini.

"Chebet, fungua hiyo sweta."

"Kogo, si baridi itamuua!"

"Fungua, mama. Baridi tutamwashia moto."

Alipofungua tukaona leso imelegea, mtoto ameteleza chini, kidevu kimekwama kifuani, pua imezama kwa nguo. Midomo ilikuwa ya kijivu. Kogo akamtoa, akamnyoosha, akamwinua kidevu, akamsugua mgongo. Halafu mtoto akavuta pumzi, akalia, na mimi sijawahi kusikia kilio kitamu namna hiyo. Chebet akakaa kwa matope, akalia naye.

Kogo hakumgombeza. "Kwa hii baridi, yeyote kati yetu angemfunika hivyo," alisema. Akamfunga upya, polepole, nami nikichungulia kila fundo, kisha tukawasindikiza mpaka dispensari.

Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka mjini, Elgon View, na kibebeo cha dukani, cha mikanda. Nikakigeuza, nikakivuta, nikauliza huu mkanda kazi yake nini, na huu je, mpaka akachoka. "Kogo, si ni ya kubeba mtoto tu!" Nikamwambia akivae na mtoto nione. Kumbe mambo ni yale yale ya leso.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayengoja wako. Mfunge juu, karibu nawe, ukiinamisha kichwa umbusu utosini. Uso wake uuone kila wakati, pua na mdomo visiguse nguo. Kidevu kisilale kifuani. Vidole viwili vipite hapo chini ya kidevu. Nguo ikaze imshike mgongo, magoti yake yawe juu kuliko matako. Ukiokota kitu, kunja magoti, na mkono umshike. Ukienda kwa moto, mpe mtu akushikie. Mgongoni usimweke kabla shingo haijakomaa. Ukiogopa baridi, mfunike mwili na kichwa, uso uache. Na akinyamaza sana usimsifu kwanza, mchungulie.

Mungu akupe mtoto wa kelele, umbebe mpaka uzito wake ukushinde, ashuke akimbie mwenyewe.