Kofia Juu ya Wigi la Perel

Wifi yangu Perel, mke wa kaka yangu, alinitania miaka mingi kwa sababu ya kofia ndogo ninayoivaa juu ya wigi. Hapa mtaani kwetu Brooklyn, New York, kwetu sisi Wayahudi washika dini, mwanamke akishaolewa hufunika nywele zake, na wengi tunazifunika kwa wigi. Wengine, kama mimi, tunaongeza na kofia, mtu asije akadhani zile ni nywele zetu.

"Nyumba moja mapaa mawili!" Perel alikuwa akiniambia. "Unaogopa mvua gani, Hindel?"

Basi nywele zake zilipoanza kunyonyoka, hakuna aliyejua. Chini ya wigi nani ataona? Daktari alisema mwili wake wenyewe unazipiga vita nywele zake, na huenda zisirudi tena. Perel alimficha habari hiyo hata binti yake Yides, aliyekuwa amechumbiwa.

Lakini wigi la kawaida hushikwa na vibanio kwenye nywele, na pasipo nywele huteleza. Tukiwa harusini kwa jirani, tunacheza kwenye duara la wanawake, wigi la Perel likazunguka upande hadi likamfunika jicho. Nikamvuta mpaka chooni. Alipolivua nikaona kichwa kitupu, nikaangua kilio.

"Nyamaza wewe, utalowesha kofia," akasema.

Harusi ya Yides ilikuwa inakaribia. Mama wa bibi harusi asipocheza, kwetu watu watasema hamtaki mkwe. Perel alihitaji wigi la wagonjwa, linaloshonwa kwa kipimo cha kichwa na kushika ngozi yenyewe, na bei yake ilikuwa mlima kwetu. Bima yake hulipia mawigi ya wagonjwa, na daktari alishaandika. Watu wa bima wakakataa.

"Mama, wanawake wa dini yenu huvaa mawigi hata wakiwa wazima," dada wa bima alisema kwenye simu. "Hilo kwetu ni vazi. Mavazi hatulipii."

Nilitamani kupenya kwenye ile simu nimkamate. Ila hasira zilipopoa, jibu sikuwa nalo. Perel ndiye aliyelipata: alikata rufaa kwa bima, kisha akaniomba nimsindikize kwa rabi wetu. Ilimbidi amwambie mwanamume asiye mumewe kwamba ana upara. Alisema akitazama sakafu.

"Rabi, mwanamke asiye na hata unywele mmoja, anadaiwa kufunika nini?"

Rabi aliinamia vitabu vyake muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa.

"Kinachofunikwa ni nywele," alisema hatimaye, kwa upole. "Kama hazipo, binti yangu, hudaiwi kitu. Nami nitawaambia hivyo mwenyewe, siku ya kusikiliza rufaa yako."

Njiani nilikuwa nashangilia peke yangu. "Tumewabana! Wigi si la dini tena, ni la ugonjwa tu. Sasa waseme nini?"

Tulipofika kwenye duka la mikate Perel akasimama.

"Hindel, tangu niolewe, kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa na jambo hili moja la kumfanyia Mungu, kuzifunika nywele. Ugonjwa umechukua nywele. Na leo nimekwenda kwa miguu yangu kuomba nivuliwe hata hilo."

"Basi tuiache rufaa," nikasema. Niliona aibu kwa furaha yangu.

"Na Yides acheze na nani?"

Rabi alisema nao, na bima wakakubali. Jioni moja Perel akaingia chumbani na Yides, akafunga mlango, akamwonyesha kichwa, nao wakalia pamoja.

Siku ya harusi nilimkuta Perel ukumbini akinisubiri. Wigi jipya lilikuwa limetulia kichwani, na juu yake ameweka kofia ndogo ya kijivu, ndogo kuliko hata yangu. Mimi hapo! Nilikuwa nimeingojea nafasi hiyo miaka yote.

"Mapaa mawili, wifi? Mvua gani hiyo?"

Sikumaliza kucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Wigi ni la ugonjwa," alisema, akiibonyeza kofia ikae sawa. "Hii hakuna anayenidai."

Akanishika mkono, tukaingia kwenye duara.