Pindua Beseni

Sisi tuliokulia Kasenga, kando ya ziwa, wakati ndagala, yaani dagaa, zilipoanikwa juu ya mchanga, tunalijua neno moja ambalo watoto wa leo hawalijui. Neno lenyewe ni pindua.

Mama yangu aliuza ndagala. Wanawake wa Bwegera walikuja na mchele wao kubadilishana naye, na kabla mtu hajafungua kinywa kuhusu kipimo, Mama alitandika kitenge chini, akapindua beseni lote. Ndagala za chini, zilizovunjika vichwa na kushika mchanga, zikawa juu, mbele ya macho ya kila mtu. Nao walimwaga mchele wao hivyo hivyo, tukaona punje zilizokatika na vijiwe. Hapo ndipo maneno yalianza, tena makali. Mmoja alimwambia Mama kwamba ndagala zake zimeshiba mchanga kuliko barabara ya sokoni. Mama akamjibu kwamba kwa mchele ule mtu angejenga nyumba. Walipunguziana, wakaongezeana, wakaachana wakicheka, kila mmoja akijua alichobeba. Harufu ya samaki mkavu na mchele mpya pamoja, hata leo nikiisikia natafuta mahali pa kukaa.

Waliomshauri aweke nzuri juu aliwajibu siku zote vilevile: “Minye nauzisha ile iko chini. Ile ya juu kila muntu anaiona.”

Kaka yangu mkubwa, yaya Bahati, alilichukua neno hilo akaenda nalo kwenye mpira. Mpira wenyewe ulikuwa masashi, mifuko ya plastiki, yaliyokunjwa na kufungwa kamba za mgomba, na ukilowana ulikuwa mzito kama jiwe. Enzi hizo hukusikia kwa watu wengine kwamba timu fulani inataka kukupiga. Walikuja wenyewe, mchana, wakaweka mpira miguuni mwa kapiteni wenu. Nakumbuka siku tulipokwenda kwa watoto wa bandarini, sisi wasichana nyuma tukiimba mpaka sauti zikakauka. Bahati, aliyekuwa kapiteni wetu, aliweka mpira chini mbele ya kapiteni wao, kijana mrefu aliyeitwa Kabwe.

“Jumapili kisha misa mukuje kwetu, tutawapiga,” alisema. “Na golikipa wetu iko anaumwa muguu wa kushoto. Musiseme hatukuwaambia.”

Kabwe alicheka mpaka akakaa chini. Jumapili walikuja, wakatuchapa, na mabao mengi yalipita kushoto. Njia nzima ya kurudi nyumbani tulimsema Bahati. Yeye hakujuta hata kidogo. Alituuliza: kama tungeshinda kwa kuficha mguu wa mwenzetu, tungemwambia nani kwamba tumeshinda.

Bahati amekufa mwaka huu. Kabwe, ambaye sasa ni mzee mwenye fimbo, alikuja akakaa nami kwenye mkeka siku zote za kilio. Siku ya kumaliza kilio, Amani, mtoto wa Bahati, alitengeneza mechi ya kumkumbuka baba yake, sisi na watoto wa bandarini, kama zamani. Nilifurahi, mara ya kwanza tangu mazishi. Nilitaka kumuaga ndugu yangu pale pale tulipomjua vizuri. Nilikuwa navaa viatu Amani alipoinama sikioni mwangu, anatabasamu kama mtu aliyeniletea zawadi.

“Shangazi, usiogope. Leo tunashinda. Tumekwisha kuelewana nao kwenye telefone.”

Nilimwuliza wameelewana nini. Akanieleza kwamba watoto wa bandarini watatuachia mabao mawili, wao watanyweshwa soda, na mimi nitarudi nyumbani na furaha. Alisema ni heshima kwa baba.

Mimi si mtu wa kelele. Lakini hasira iliyonipanda siku ile ilikuwa ngeni kwangu. Mtu aliyekwenda mchana kutangaza mguu mbovu wa golikipa wake, leo anaagwa kwa ushindi wa kununua. Na wanaofanya hivyo ni damu yake, na wanaona wanampenda.

Tulipofika uwanjani nilikwenda mpaka katikati na kitenge changu cha msiba. Watu walidhani mfiwa amekuja kushukuru. Niliwaita makapiteni wawili, Amani na mjukuu wa Kabwe, nikawaambia kwa sauti ya kufika nyuma: “Mupindue beseni.”

Vijana walitazamana. Wengine waliona huzuni imenipanda kichwani. Lakini watu wa rika letu waligeuza shingo wote pamoja, na Kabwe akainuka kwenye kiti chake. Yeye alielewa. Alimfuata mjukuu wake polepole.

“Weye, iko nini huku chini?”

Kijana alieleza yote mbele ya watu, macho kwenye vumbi. Amani naye alikubali.

“Sasa mucheze,” Kabwe alisema. “Ule atawaachia bao, asirudi kula kwangu.”

Walicheza. Tulipigwa manne. Moja lilipita kushoto kwa golikipa wetu, wazee wakacheka, nami nikacheka, na machozi yakanitoka bila kunichoma. Watoto wa bandarini walikuja kutupa pole mbili, ya msiba na ya mabao.

Amani alikaa kando yangu, jasho linamtoka, akaniuliza kama wamemwaibisha baba yake.

“Baba yako alipigwa hapa hapa, sisi wote tukimwona,” nilimwambia. “Na jioni alikula vizuri.”

Vijana wa leo wananunua samaki kwa picha ya telefone, na picha ina upande wa juu tu. Wanapatana pembeni, kisha wanakuja mbele yetu kuigiza ubishi, na sisi tunapiga makofi. Juzi sokoni nilimwomba binti mmoja anipindulie beseni. Aliniangalia kama nimemtukana mama yake, akaniambia kama simwamini, niende kwa mwingine. Huyo mwingine alinijibu vilevile. Enzi zetu hatukuomba, beseni lilipinduliwa.

Nilinunua ndagala hivyo hivyo. Nyumbani nilitandika kitenge jikoni nikazipindua mwenyewe, peke yangu, bila mtu wa kubishana naye.