Karata Nisiyopaswa Kuiona

Kuhesabu karata nilijifunzia juu ya magunia ya alizeti. Mume wangu ana duka la nafaka Majengo, na mimi nafundisha hesabu katika sekondari moja ya Ipagala. Likizo ile ya Juni nilishinda dukani kwake, na mchana wateja walipopungua tulitandika kanga juu ya gunia, yeye akagawa karata, mimi nikahesabu. Ikitoka karata ndogo naongeza moja, ikitoka kubwa napunguza moja. Hesabu ikipanda, ujue karata kubwa bado zimo kwenye kasha, na katika mchezo wa ishirini na moja hapo ndipo mchezaji anapopata nafuu kidogo.

"Kidogo sana," nilimwambia. "Lakini ni nafuu ya kweli."

"Na si wizi?"

"Namwibia nani? Karata wanazilaza mezani, kila mtu anaziona. Mimi nazikumbuka tu."

Akazikusanya na kuzichanganya. "Jumba lile la kasino wamelijenga kwa hesabu," akasema. "Na wewe nenda na zako."

Tulikubaliana kiasi ambacho hata kikipotea hakuna atakayelala njaa. Jumamosi ya kwanza nilikipoteza chote, nikarudi na bajaji nimenuna. Ya pili hesabu ilipanda, nikaongeza dau, karata zikaja kama zilivyotakiwa kuja. Nilitamani kusimama juu ya kiti. Miaka yote nimeandika ubaoni habari za uwezekano, wanafunzi wakipiga miayo, na sasa uwezekano wenyewe ulikuwa unatembea mbele yangu, mzima mzima!

Jumamosi ya tatu nilifika saa nane mchana, nimejaa vumbi la upepo wa Dodoma. Mezani alikuwepo mgawaji mpya, binti wa miaka ishirini na kitu, kizibao kimemzidi mabega. Nilipomsalimia alitambua lafudhi yangu, akaitikia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa sauti ya chini, kisha akaangalia kama msimamizi amesikia. Nilikaa kiti cha mwisho kushoto.

Mgawaji hujigawia karata mbili, moja wazi na nyingine kaifunika. Ile iliyofunikwa huwa anainua ncha yake, anaichungulia na kuirudisha. Huyu binti, kwa ugeni wa kazi, aliinua karata nzima. Nikaiona. Mfalme wa shupaza.

Sikukusudia. Jicho liliangukia pale, basi. Ile ya wazi ilikuwa kumi, kwa hiyo nilijua ana ishirini, nikacheza kwa kujua, nikashinda. Damu ilinipanda hadi masikioni. Mchezo uliofuata akainua tena vilevile, nikaona tisa. Kabla ya mchezo wa tatu nilisogeza kiti mbele kidogo na kushusha kidevu.

Hapo pa kiti ndipo ninapopakumbuka zaidi. Wakati ule lakini sikufikiri kitu, nilikuwa nashinda! Mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu alianza kupiga makofi kila karata ikifunuliwa. Watu wakasogea. Sikuhesabu tena ndogo wala kubwa, sikuwa na haja. Chipu, vile vidude vya plastiki vya kuwekea dau, zilirundikana mbele yangu na mikono ilikuwa ya baridi kama nimetoka kufua.

"Mama, leo una mkono mzuri," yule binti akaniambia, na akatabasamu. Alikuwa ananifurahia kwa dhati.

Nyuma yake msimamizi, mwanamume wa makamo aliyevaa tai, alikuwa ameanza kumtazama. Hakunitazama mimi. Alitazama mikono ya binti. Naye binti alihisi msimamizi yuko nyuma yake, kwa sababu jasho lilimtoka juu ya mdomo, na kadiri alivyoogopa ndivyo karata ilivyozidi kuinuka.

Nilijiambia, hilo ni kosa lao, wangemfundisha vizuri. Nikajiambia kasino haina huruma na mtu. Yote kweli. Lakini niliyekuwa namchungulia hakuwa kasino. Alikuwa yule binti, na yeye ndiye angefukuzwa.

Aliponisogezea karata zilizofuata niliinama kama mtu anayekohoa, nikamwambia kwa Kigogo: karata yako naiona, ilaze.

Akailaza karata chini kabisa, akaikinga kwa kiganja cha pili, akaendelea kugawa kana kwamba hakuna lililosemwa. Sikuona kitu tena.

Ningeweza kuondoka. Nilibaki, nikarudi kwenye hesabu zangu, na nasema kweli, dakika zile ndizo tamu kuliko zote. Moja, mbili, moja, mbili, tatu, nne. Kichwa kilichemka. Hesabu ilipofika saba niliweka dau kubwa, nikapata ishirini na moja papo hapo. Mzee wa pembeni akapiga meza.

Nilihisi mtu begani. Msimamizi.

"Mama, naomba tuongee pembeni."

Tuliposimama karibu na mlango alisema, "Unahesabu."

"Nahesabu."

"Hujavunja sheria yoyote. Ila karata hapa usicheze tena. Mashine zile unaruhusiwa."

"Zile mnaniruhusu kwa sababu haziwezi kushindwa?"

Kicheko kilimponyoka puani. Nilitoka nje kwenye jua nikicheka peke yangu. Hakuna mtu aliyewahi kuziogopa hesabu zangu namna ile.

Dukani nilimweleza mume wangu kila kitu, hata kiti.

"Karata alikuonyesha mwenyewe," akasema. "Hukumpokonya."

"Mkulima akigeuka ukaona kitabu chake cha bei, utasoma?"

"Nitasoma."

"Na utasogea ili usome vizuri?"

Akakuna kichwa. "Nisingesogea."

"Na lumbesa je? Gunia unalolishindilia mpaka linaota nundu, bei ileile?"

"Aa mke wangu, usilete lumbesa hapa!" Tulicheka mpaka mteja akageuka. Lakini zile fedha zilikaa kwenye mkoba wangu juma zima. Za macho zilikuwa zimechanganyika na za akili, na sikuwa na njia ya kuzitenga. Hatimaye zikaenda kwenye mabati ya jikoni, na sijui mpaka leo ni bati lipi hasa lisilo halali yangu.

Mwezi uliofuata, Jumamosi moja nikiwa dukani, yule binti wa kasino alitokea kununua karanga. Bado alikuwa kazini. Alinisalimia shikamoo, akasimama, akazungusha mfuko mkononi.

"Mama, nifundishe kuhesabu."

"Unataka kucheza, au kuwakamata wanaocheza?"

Akafikiri. "Bado sijui."

Nikatandika kanga juu ya gunia.