Siku Niliyompima Baba Mkwe

Nilipofungua duka langu la ushonaji pale Mosocho, nilikuwa nimejiandaa kwa kila mteja isipokuwa yule niliyemheshimu kuliko wote. Sakafu niliipiga deki, ikakauka, nikaipiga tena. Mlangoni nilitundika mashati mawili ya mfano na gauni moja ambalo nilikuwa nimelishona, nikalifumua, nikalishona upya kwa sababu kola yake ilikuwa inanicheka. Mume wangu, ambaye anafanya kazi ya ofisi Kisii mjini, alinitania kwamba nikizidi kuipangusa ile cherehani itabaki chuma kitupu. Nilimwambia aende kazini. Biashara ni asubuhi, na mteja akikukuta ovyo siku ya kwanza, hiyo ndiyo picha yako atakayotembea nayo sokoni.

Meza ya kukatia nguo ilitoka kwa baba mkwe. Aliangusha mkaratusi wake mwenyewe kule kwao Ekerenyo, kando ya shamba la chai, akamtafuta seremala, kisha akaniletea meza hiyo kwa pikapu bila yeye mwenyewe kuja nayo. Nyumbani kwangu hakuwahi kuingia, na si kwa ubaya. Sisi Wagusii tuna chinsoni, heshima iliyochanganyika na haya, inayomweka mzee mbali na mke wa mwanawe. Haingii nyumba yao. Hatupeani mikono. Nikimpelekea chai uani, naiweka juu ya kigoda na kuondoka, ndipo anaichukua. Mimi nililelewa mjini, na kabla ya kuolewa nilikuwa nikiyacheka mambo haya. Baadaye nikaona kwamba umbali ule una upendo wake. Mzee yule alinipenda, ila alinipenda kutoka upande wa pili wa ua.

Duka si nyumba, kwa hiyo dukani angeweza kuingia. Tena alikuwa ametangaza, mbele ya wazee wenzake wa kanisa, kwamba mteja wa kwanza wa mke wa mwanawe atakuwa yeye, na kwamba anataka koti jipya la Sabato. Kwetu neno kama hilo si dogo. Mzee akikufungulia mlango, hata wasiokujua wanaanza kukuamini.

Lakini kuna aliyemtangulia. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya karibu, mama wa makamo kutoka pande za Kakamega, ambaye Ekegusii chake kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Alikuwa anatafuta fundi wa kushona sare za shule nzima. Aliketi, akaligeuza shati langu ndani nje, akafuatisha mishono kwa ncha ya kalamu yake. Sare za shule nzima ni kazi ya kumweka fundi mjini, na kuikosa siku ya kwanza ni kurudi kutia viraka suruali za majirani.

"Fundi wa kwanza alikuwa anashona kwa macho," aliniambia. "Anaangalia mtoto, anakata. Watoto wangu wamevaa magunia mwaka mzima. Mimi nataka mtu anapima. Anapima kila mtu."

"Hapa tunapima kila mtu, madam," nilijibu. Nilisema tunapima, na nilikuwa peke yangu.

Hapo ndipo nilimsikia baba mkwe barazani akimsalimia mama anayeuza ndizi nje ya mlango wangu. Alimwambia kwa Ekegusii, kwa sauti ya mtu anayejivunia, kwamba amekuja kwa mke wa mwanawe. Akafuta viatu vyake kwenye gunia, kwa sababu kulikuwa na matope, akavua kofia, akaingia. Kwapani alikuwa na mfuko wa karatasi uliokunjwa vizuri.

"Bwakire buya, Tata," nilimwamkia. Aliitika, akasimama karibu na mlango, mbali nami, kama ilivyo desturi.

"Mhudumie mzee kwanza," mwalimu mkuu alisema. "Mimi sina haraka. Wacha nione vile unafanya kazi."

Sentensi moja ingetosha. Ningesema: madam, huyu ni baba wa mume wangu, na kwetu simgusi. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilitazama tepu iliyoning'inia shingoni mwangu, nikamtazama yule mama na kalamu yake, nikaogopa kuonekana mshamba. Nikaogopa aseme moyoni kwamba huyu naye ana watu asiowapima.

"Mzee, simama hapa nikupime," nikasema.

Nilisema kwa Kiswahili. Kwa Ekegusii ulimi wangu ungekataa, kwa sababu ningelazimika kuanza na Tata, yaani Baba, na mtu hamwambii Tata maneno hayo. Kiswahili kilinipa pa kujificha. Ndani yake mimi nilikuwa fundi tu, na yeye mzee yeyote aliyetoka sokoni.

Alinitazama. Akamtazama mwalimu mkuu, kisha akautazama ule mfuko wake. Nilidhani atageuka aende zake, na sehemu yangu moja iliomba afanye hivyo. Badala yake aliuweka mfuko juu ya meza aliyonitengenezea, akasogea katikati ya duka na kuinua mikono.

Nilimzungushia tepu kifuani. Alikuwa amezuia pumzi. Macho yake aliyapeleka juu kwenye mabati na kuyaacha huko. Nilipima mabega, nikapima mkono, nikamgusa shingo nyuma pale kola inapokaa, huku nikitaja vipimo kwa sauti ili mwalimu mkuu asikie. Sauti yangu ilikuwa safi kabisa, na ni ile sauti ninayoichukia hadi leo. Nilipomaliza alishusha mikono polepole.

"Asante, fundi," akasema.

Hakuwahi kuniita fundi. Siku zote huniita mama wa mjukuu wake. Alivaa kofia, akatoka, na huko barazani hakusimama kumuaga mama wa ndizi, ambaye alikuwa ametuona kupitia mlango.

Mwalimu mkuu alisimama akasema, "Sasa hiyo ndiyo kazi," na sare akanipa. Nilishukuru, nikamsindikiza hadi barabarani, nikacheka alipocheka. Niliporudi nikaona mfuko wa mzee umebaki mezani.

Ndani yake kulikuwa na koti lake la zamani. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. Kwenye mikono, mama mkwe alikuwa ameshona uzi mweupe kuonyesha koti jipya lirefushwe hadi wapi, na kiunoni akatia pini pale linapopwaya. Walikuwa wamekaa huko Ekerenyo, wazee wawili, mmoja akimvalisha mwenzake na kumvua, ili mimi nisihitaji kumgusa hata kidogo. Nililiweka lile koti usoni nikalia, na mama wa ndizi akanichungulia kisha akaurudisha mlango kwa mkono wake.

Vipimo nilivyoviandika nilivichoma jikoni jioni hiyo. Koti jipya nililikata kwa kulifuata lile la zamani, uzi kwa uzi, pini kwa pini. Nilijidanganya kwamba kwa kufanya hivyo nimerudisha mambo mahali pake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kila nilipoweka mkasi, mikono yangu ilikuwa inajua upana wa kifua chake, na hakuna namna ya kuisahaulisha.

Koti alilichukua mama mkwe. Alilijaribu kwa macho, akalisifu, kisha akalilaza juu ya meza.

"Alisema usimwulize kitu," akaniambia. "Alisema kama angekataa, yule mwalimu angeondoka akijua mtu wenu mwenyewe amekukataa. Ndiyo akanyamaza." Akalikunja koti. "Lakini siku hiyo hakula."

Nilitamani anigombeze. Kugombezwa kuna mwisho wake.

Kisha zikaja siku za kukabidhi sare. Mwalimu mkuu alizipokea, akaridhika, tukanywa chai. Kwa kupiga gumzo tu akaniuliza yule mzee mpole wa siku ya kwanza yu hali gani. Nilichoka kubeba siri hiyo, nikamwambia alikuwa baba mkwe wangu. Aliweka kikombe chini.

"Na ukampima?"

"Nilimpima."

"Kwa nini hukuniambia? Hata kwetu mkaza mwana hamgusi baba mkwe. Mimi ningetoka nje niwaachie nafasi." Alinitazama kwa namna ambayo hakunitazama hata alipokuwa akikagua mishono. "Ningekupa hiyo kazi mara mbili."

Nilikaa na maneno hayo hadi nikashindwa, nikaenda Ekerenyo siku ya Jumapili. Nilimkuta mzee uani akichambua mbegu za maharagwe. Nilimsalimia kutoka mbali, nikasimama pale ninaposimamaga, nikaanza kumwomba msamaha. Hakuniacha nimalize.

"Koti limenikaa," alisema, macho yake kwenye maharagwe. "Ulipima na lile la zamani?"

"Ndiyo, Tata. Nililikata kwa lile la zamani."

"Basi. Wakikuuliza, sema hivyo."

Huo ndio msamaha alionipa, na nimeona kuubeba ni kazi ngumu kuliko kuukosa. Yeye amewaambia wazee wenzake hivyo hivyo, kwamba mke wa mwanawe hakumgusa, kwamba alishona kwa koti la zamani na likamkaa kama alizaliwa nalo. Mzee wa kanisa, ambaye hadanganyi mtu hata bei ya ng'ombe. Sasa wazee wanakuja dukani kwangu kutoka mbali, kila mmoja na koti lake kuukuu kwenye mfuko, na wanaletwa na wakaza wana wao wakiwa wametulia.

Juzi alikuja mmoja asiyejua duka ni lipi. Nilimsikia akimuuliza mama wa ndizi, "Ni hapa kwa yule fundi mwenye heshima?"

Mama wa ndizi aliniangalia kupitia mlango. Kisha akaanza kupanga upya ndizi zake, ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Ingia," akamwambia. "Ni hapo."